Biblia Ilikuwa Imefunguliwa Zaburi ya 32

Jumapili ya kwanza ya Desemba, baada ya chakula cha jioni, taa ya sola ikiwa katikati ya meza, zamu ya kusoma ilimfikia mtoto wetu wa nne. Ana miaka 8. Alisimama, akaishika Biblia kwa mikono miwili, akatoa Zaburi ya 23 mistari yote sita, bila kukwama hata pale penye gongo na fimbo ambapo watoto wengi hujikwaa. Sauti safi, vituo mahali pake. Wadogo wakaitikia amina.

Nilipoipokea Biblia ili niifunge, ilikuwa imefunguliwa Zaburi ya 32.

Hakudanganya. Aliambiwa 23, akaziona tarakimu 3 na 2 juu ya ukurasa, akaridhika kwamba amefika. Lakini zaburi ile inaanza kwa neno Heri, naye alianza kwa neno Bwana, na tangu mstari wa kwanza mpaka wa sita macho yake hayakubanduka kwenye karatasi.

Macho yalikuwa pale. Kusoma hakukuwepo.

Jambo hili limenikaa rohoni wiki tatu sasa. Kila mwisho wa mwaka nyumba hii huandika barua kwa babu na bibi wa Muheza na kwa ndugu waliotawanyika, kueleza kila mtoto amefika wapi katika masomo na katika kumjua Mungu. Rasimu ya mwaka huu ilikuwa tayari. Kwa wa nne iliandikwa: anasoma vizuri. Nimeifuta sentensi hiyo, na kabla ya kuirudia barua nimeona niandike haya, kwa sababu kilichotokea kinaweza kutokea kwenye nyumba yoyote yenye watoto wengi na meza moja, na mzazi akakaa nacho mwaka mzima asikione.

Sauti nane, sikio moja

Watoto ni wanane. Wawili wakubwa wako nyumbani siku nzima, wanajiandaa na mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Watatu wa kati wameandikishwa shule, kama Sheria ya Elimu inavyotaka, na mezani wanakuja jioni, Jumamosi na likizo yote. Watatu wadogo hawajafika umri wa darasa la kwanza, nao wanajifunza hapo hapo miguuni pa wenzao tangu asubuhi.

Meza ya namna hii ina neema yake. Mdogo anaokota mengi bila kufundishwa: anajua majina ya mitume kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mkubwa naye akimweleza mdogo kitu, analazimika kukielewa upya. Neema hiyo ndiyo tuliyoitegemea, na ndiyo iliyotuficha.

Angalia tu mpangilio wa zamu. Kwa heshima ya umri, tulianza na mkubwa tukashuka. Kila mmoja alisoma kifungu kile kile, ili kiwaingie wote. Maana yake ni kwamba wa nne alipofikiwa, alikuwa ameshakisikia kifungu mara tatu jioni hiyo, kwa sauti tatu tofauti. Mtoto wa pwani ana sikio. Mara tatu zinamtosha sana.

Kuna na kudokezwa. Mdogo akisita, dada yake anamtupia silabi ya kwanza kwa mdomo usiotoa sauti, na silabi moja ya Kiswahili kwa mtu anayekijua kifungu ni kama kuonyeshwa ncha ya uzi: anavuta, na neno lote linakuja. Kuna na picha za vitabu vya kiada, ambazo humwambia mtoto habari yote kabla hajagusa herufi. Na kuna kuitikia kwa pamoja, ambako sauti sita zinazojua hubeba mbili zisizojua.

Kiswahili chenyewe kinamrahisishia mzazi kukosea. Maandishi yetu hayana hila: irabu ni tano na kila moja ina sauti yake, na atakayezishika silabi anaweza kulitamka neno lolote hata lile asilowahi kulisikia. Kwa hiyo tukisikia matamshi safi, tunahitimisha kwamba kusoma kumekamilika.

Macho kwanza

Kabla ya kumpima mtoto kusoma, mpime kuona. Hili nalitanguliza kwa sababu mtoto asiyeona vizuri hujifunza kukariri kwa sababu hana njia nyingine, na ukimrundikia silabi unamchosha bure.

Nyumbani unaweza kugundua dalili tu. Chora herufi E kubwa zinazoelekea pande tofauti kwenye karatasi nyeupe, ibandike ukutani penye mwanga wa mchana, msimamishe mtoto mita 3, azibe jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, akuonyeshe kwa mkono meno ya E yanaelekea wapi. Halafu jicho la pili. Fanya hivyo kwa watoto wote siku moja, ili uwe na wa kulinganisha naye. Anayepungukiwa na wenzake, anayekunja uso, anayesogeza kitabu puani au kulalamika kichwa jioni, apelekwe kliniki ya macho. Usimnunulie miwani ya kubahatisha sokoni.

Halafu tazama taa.

Meza yetu ina urefu wa mita mbili na nusu na taa ilikuwa moja, katikati. Nilipokaa kwenye kiti cha wa nne, mwishoni kabisa, kivuli cha kichwa cha kaka yake kiliangukia kitabu. Kwa mwanga ule hata mimi nilibahatisha baadhi ya maneno. Sasa zipo taa mbili, na anayeandika kwa mkono wa kulia anaupata mwanga kutoka kushoto kwake, ili mkono usijifunike. Wa mkono wa kushoto, kinyume chake. Ni jambo dogo kiasi kwamba naona uchungu kulitaja.

Maneno ya kubuni

Macho yakiwa salama, kuna njia ya kujua ndani ya dakika tano kama mtoto anasoma au anakumbuka: mpe maneno ambayo hayapo duniani.

Andika 20 kwenye karatasi moja, kwa herufi za kuchapa, yakianzia mepesi: *tulo, bemi, sakuti, lofena*. Kisha yenye konsonanti mbili: *mbesa, ndoki, shumebi, dholifa, thamuki, ghefo, ng'aku, ngalu*. Kisha yale mazito: *mbwito, ngwesha, nyweku, shwipa*. Mwambie mapema kwamba maneno haya hayana maana, ni mchezo, asije akahangaika kutafuta maana na kuligeuza *bemi* kuwa *bibi*. Kaa pembeni yake, mbali na ndugu zake. Usimsahihishe. Weka alama tu.

Hapa hakuna cha kukumbuka. Anayesoma atakwenda polepole lakini atafika. Anayekariri ataishia kwenye silabi ya kwanza, kisha atabuni neno analolijua linaloanza hivyo hivyo. Wa nne alisoma vizuri manne ya kwanza. *Dholifa* akaisema *dhoruba*. *Nyweku* akaisema *nywele*.

Nilifarijika, kusema kweli. Kumbe msingi anao, silabi za konsonanti moja zimekaa. Ujenzi ulisimama pale konsonanti zinapoanza kuambatana, na tangu hapo masikio yakachukua kazi ya macho.

Kanuni tuliyojiwekea ni hii: akikosa zaidi ya matano katika 20, tunarudi kwenye kundi la silabi alilokosea na kukaa nalo wiki nzima, bila aibu na bila kutangaza mezani. Kwa Tanga kuna makundi yanayosumbua kuliko mengine. *Th* na *s*, *dh* na *z* huchanganyika midomoni hata mwa watu wazima, hivyo tunatumia jozi zinazobadilisha maana: *thamani* na *samani*, *dhana* na *zana*. *Ng'* na *ng* tunaziweka upande kwa upande, *ng'ombe* chini ya *ngoma*, na mtoto anapiga mstari chini ya kile kikoma kidogo kabla ya kusoma, kwa sababu tatizo lake mara nyingi ni kwamba hakioni kama sehemu ya herufi. Kwa *mbw*, *nyw* na *ngw* tunajenga kwa hatua: *wa*, *bwa*, *mbwa*, *wa*, *nywa*, *kunywa*. Ukimrushia *mbwa* zima zima atalihifadhi kama picha ya mnyama, na kesho *mbweha* itamshinda.

Kadi yenye dirisha

Kifaa tunachokitumia kila siku hakina gharama. Chukua boksi la biskuti au la sabuni, kata kipande cha sentimita 15 kwa 6, upande usio na maandishi ukae juu. Katikati toboa dirisha kwa wembe juu ya kipande cha ubao: kwa kitabu cha kiada, upana sentimita 6 na kimo sentimita 1, kwa Biblia yenye maandishi madogo, upana sentimita 4 na kimo milimita 5. Tengeneza mbili. Sisi tulianza na moja kwa vitabu vyote, na kwenye Biblia dirisha likawa linaonyesha mistari miwili, mtoto akawa anachungulia wa chini na kuukisia wa juu.

Kadi inalazwa juu ya mstari ili lionekane neno moja au mawili tu. Inashikwa na msikilizaji. Mtoto akiishika mwenyewe ataisukuma kwa mwendo wa kinywa chake, na kinywa kinachokariri kina haraka.

Neno likimshinda, geuza kadi, tumia ukingo wake mnyoofu. Lifunike neno lote, kisha uvute kwenda kulia silabi baada ya silabi: *a*, *ali*, *aliye*, *aliyesa*, *aliyesame*, *aliyesamehe*, *aliyesamehewa*. Usilitamke wewe. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kufanya lolote, na ukifika kumi onyesha silabi kwa kidole, usiiseme. Hizo sekunde kumi ni ndefu kuliko unavyodhani, hasa kwa mama mwenye sufuria jikoni.

Makosa tunayaandika. Daftari la kurasa 48 kwa kila mtoto, safu nne: tarehe, kifungu, neno alilokosea, alilolisema badala yake. Safu ya nne ndiyo yenye faida. Mtoto aliyesema *samani* penye *thamani* ana tatizo la sauti. Aliyesema *chumba* penye *nyumba* ameangalia mwisho wa neno tu. Aliyesema *mchungaji* penye *mkulima* hakuangalia kabisa.

Mwalimu wa chuo cha jirani

Mtaani kwetu, kama mitaa mingi ya Tanga, watoto wa majirani wanakwenda chuoni jioni, yaani madrasa. Ukipita unasikia wimbi la sauti, na mtu wa nje anaweza kudhani wote wanasoma kitu kimoja kwa pamoja. Sivyo. Kila mmoja ana sehemu yake, na zamu ikifika anasogea mbele ya mwalimu na juzuu yake, anasikilizwa peke yake, na akikosea herufi harudi na somo jipya. Anarudia lile lile mpaka litoke sawasawa.

Nimeishi na sauti hizo miaka yote hii, na sikuwahi kujiuliza mwalimu yule anafanya nini ambacho mimi sikifanyi.

Anamsikiliza mmoja.

Mimi niliwasikiliza wote kwa pamoja, nikadhani ni upendo kutomtenga yeyote. Tulisoma pamoja, tukaomba pamoja, tukaimba pamoja, na pamoja ile ikawa blanketi ambalo mtoto mmoja angeweza kulala chini yake mwaka mzima.

Watatu wa kati ndio wanaopotea. Wakubwa wana mitihani inayowadai, wadogo wana vilio vinavyowadai. Wa kati aliye mtulivu, anayeosha vyombo bila kuambiwa, ambaye hakuna siku alileta shida, huyo ndiye wa kumwita kwanza.

Daftari la maji

Baada ya Zaburi ile nilianza kupekua kazi nyingine za mwaka, na nilikuta kitu kile kile mahali ambapo sikutegemea.

Mwaka huu somo kubwa la sayansi lilikuwa bahari. Mti wa mwanzi umechomekwa ufukweni upande wa Raskazone, umepakwa alama nyekundu kila sentimita 10, na wa tatu, mwenye miaka 11, alipewa daftari la kupima maji yanajaa saa ngapi. Kuna namna nzuri ya kufanya hivyo, kwa sababu maji yakifika juu husimama kitambo na huwezi kuitambua dakika yenyewe kwa macho. Andika saa maji yanapogusa alama fulani yakipanda, na saa yanapoigusa alama ile ile yakishuka. Katikati ya saa hizo mbili ndipo yalipojaa. Yakigusa saa 3:10 asubuhi na kurudi hapo saa 5:30, tofauti ni saa 2 na dakika 20, nusu yake saa 1 na dakika 10, basi yalijaa saa 4:20. Ni sayansi na hesabu za muda kwa mkupuo mmoja.

Yapo yanayoharibika. Mwanzi uliochomekwa kwenye matope huinama ndani ya siku chache, hivyo uegemeze kwenye mwamba au uufunge kwenye nguzo iliyopo. Alama moja haitoshi, kwani siku za maji mafu bahari hupanda kidogo na huenda isiifikie. Chagua kila siku alama iliyo karibu na kilele. Na mtoto asiende peke yake.

Daftari lilikuwa safi mno. Siku 14 za likizo ya Juni, na kila siku bahari imechelewa kujaa dakika 50 kamili kuliko jana yake. Si 49, si 55.

Dakika 50 ndizo tulizomfundisha, na kwa wastani ni kweli. Lakini wastani hauonekani ufukweni. Karibu na bamvua, maji yanapojaa sana, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kuchelewa hupungua, dakika 40 au chini ya hapo. Karibu na maji mafu huongezeka, na huweza kupita saa nzima. Mvuvi yeyote wa Sahare angelitazama daftari lile na kuuliza ni bahari gani hii.

Alikwenda siku mbili za kwanza. Zilizobaki alizijumlisha akiwa chini ya mwembe.

Hakuna aliyemwambia adanganye, na sidhani aliona ni uongo. Alikuwa na kanuni, kanuni ilitoa majibu, mama akaweka tiki. Zile tiki ni zangu. Sikuwahi kushuka naye hata siku moja kulinganisha namba na maji.

Vibao

Hesabu za kawaida tunazifanyia jikoni. Wali wa watu kumi katika nyumba hii ni mchele kilo moja na nusu na nazi tatu, yaani gramu 150 kwa mtu. Wakija wageni wanne, mchele ni kilo ngapi? Jibu ni kilo 2 na gramu 100, na kwa nazi jibu ni nne na sehemu kidogo, hapo ndipo panapozuka mjadala mzuri wa kama tuvunje ya tano. Shida ni kwamba dada yao mkubwa hujibu kabla swali halijaisha, na wengine wanarudia alichosema.

Dawa yake ni vibao. Robo ya shiti ya hadibodi inatoa vipande 12 vya sentimita 30 kwa 20. Piga msasa, paka rangi ya ubao mikono miwili, acha siku nzima kati ya mkono na mkono. Kabla ya kuandika mara ya kwanza, laza chaki ubavu uisugue ubao wote, kisha ufute kwa kitambaa kikavu. Ukiruka hatua hii, maandishi ya kwanza yatabaki kama kivuli na hayatatoka.

Swali likitoka, kila mmoja anaandika, analaza kibao kifudifudi, na kwa ishara moja vyote vinainuliwa. Wiki ya kwanza vilipoinuliwa vilikuwa na majibu matatu tofauti kwa swali lile lile, mezani ambapo kwa mwaka mzima palitoka jibu moja tu.

Wakubwa na usanisinuru

Kwa wakubwa kosa linavaa nguo nyingine. Sekondari ni kwa Kiingereza, na mtoto anayejisomea nyumbani kwa mitihani iliyopita anaweza kuzihifadhi fasili zote kwa Kiingereza kizuri, neno kwa neno, na kujibu swali kwa kulitambua umbo lake. Ukibadilisha namba au ukiligeuza swali, anakwama.

Tunachofanya sasa ni kumpa jani la mkorosho na mdogo wake wa miaka 8, na kumwambia amweleze usanisinuru, yaani jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa Kiswahili mpaka mdogo aweze kuuliza swali. Mdogo aliuliza usiku jani linakula nini. Swali hilo lilichukua nusu saa na likawapeleka vitabuni wote wawili.

Kwa wenye watoto wanaopita njia hii, jambo moja la haraka: asiyekuwa na sifa ya kidato cha pili hupitia kwanza Mtihani wa Maarifa, na usajili wa Baraza la Mitihani hufanyika mwanzoni mwa mwaka. Nenda kwenye kituo mapema Januari. Anayechelewa hulipa zaidi, na vituo hujaa.

Zaburi zibaki moyoni

Kuna ndugu kanisani aliyeniambia kwamba basi tuache kuwakaririsha watoto. Nimelifikiria hilo siku nyingi, na sikubaliani nalo.

Neno lililo moyoni ni akiba. Linapatikana gizani, hospitalini, safarini, mahali ambapo kitabu hakifunguki. Kumbukumbu la Torati 6 linataka maneno haya yawe moyoni, na yanenwe nyumbani na njiani. Wa nne ameibeba Zaburi ya 23 na hakuna atakayemnyang'anya, nami nilimwambia hivyo usiku ule ule, kabla sijamwambia lolote lingine.

Lakini Filipo alipolikimbilia gari la yule Mwethiopia akamsikia akisoma Isaya, alimuuliza kama yamemwelea anayoyasoma. Yule mtu alikuwa anasoma kwa sauti, Filipo mwenyewe alimsikia wazi, na bado swali lilikuwa la haki. Sijawahi kumuuliza mtoto yeyote mezani swali hilo mwaka huu. Niliuliza: umemaliza?

Kwa hiyo tumetenganisha. Kuhifadhi kuna wakati wake, asubuhi, Biblia ikiwa imefungwa mezani ili kila mtu ajue kwamba hapa tunakumbuka. Kusoma kuna wakati wake jioni, kwa kifungu ambacho hakijawahi kusomwa ibadani. Anaanza mdogo anayejua kusoma, tunapanda kwa mkubwa, na kila mmoja ana kifungu chake. Zaburi fupi zinafaa sana. Mithali nazo zinafaa, sura 31, kila tarehe na sura yake, mtoto anapewa mistari mitatu tu ya sura ya siku hiyo.

Dakika saba

Wanaosoma ni watano. Dakika 7 kwa mmoja, peke yake na msikilizaji, kwenye kibaraza. Ni dakika 35. Baba yao anachukua wawili, mimi watatu, na wakubwa hawasikilizi wadogo zao kwa sasa mpaka waache kudokeza. Wasiosikilizwa wanaosha vyombo au wanachora na wadogo. Siku tano kwa wiki. Jumatano kuna ibada ya nyumba kwa nyumba, na Jumapili tunapumzika. Dakika saba ni chache, lakini tulijaribu 15 na tukadumu siku nne.

Jana jioni ilikuwa Zaburi ya 117. Ina mistari miwili, na kwetu hakuna aliyewahi kuihifadhi.

Wa nne alikaa kwenye mkeka, kadi mkononi mwangu. Alikwenda polepole, kidole kikifuata. *Enyi. Mataifa. Yote.* Akameza mate. Akafika kwenye *mhimidini* akasimama. Nilihesabu. Nikafika sita, saba. Ndani, dada yake alinyamaza kusugua sufuria.

"M," akasema. "M-hi. Mhi-mi." Akanitazama, nikaangalia karatasi. "Mhimi-di. Mhimidini."

Kisha akauliza, "Mama, mhimidini ni nini?"